Uzito wa mwili baada ya upasuaji wa saratani ya utumbo mpana: mwongozo kwa mgonjwa na anayemuuguza

Mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana hurudi nyumbani akiwa amepungua, na neno la kwanza analolisikia mlangoni, kabla hajaulizwa kidonda kinaendeleaje, ni kwamba amekonda. Tangu hapo nyumba nzima huingia katika vita ya kurudisha kilo: asubuhi uji, mchana ugali wa kushibisha, jioni soda ya kuongeza nguvu. Aliyekuwa mnene naye hupewa pongezi asizostahili, kwa kuwa kila anayemwona hudhani kupungua kumemsaidia. Yote mawili hutokana na kuitazama mizani bila kujua inapima nini. Katika miezi mitatu ya mwanzo kinachostahili kulindwa ni misuli, iwe mgonjwa ni mwembamba au mnene. Habari ya kunenepa au kupunguza mafuta ina wakati wake, na wakati huo huja baadaye. Hatua zilizomo humu zinafuata mpangilio huo, kuanzia siku ya kuruhusiwa hospitalini mpaka mwaka wa kwanza unapokaribia kwisha, na pale maelekezo ya daktari aliyempasua mgonjwa yanapotofautiana nazo, ya daktari ndiyo yafuatwe.

Hatua ya 1: Kujua kilichokatwa

Utumbo mpana wa mtu mzima una urefu wa takriban mita moja na nusu, na kazi yake kubwa ni kunyonya maji na chumvi na kuhifadhi choo mpaka wakati wa kwenda haja. Protini, wanga, mafuta na vitamini nyingi hunyonywa katika utumbo mwembamba, ambao kwa kawaida upasuaji huu huuacha karibu wote. Kwa hiyo dhana ya kwamba chakula sasa "kinapita tu" kwa sababu utumbo umefupishwa si sahihi kwa wagonjwa walio wengi. Mgonjwa hukonda kwa sababu nyingine: ugonjwa wenyewe ulikuwa umempunguzia hamu ya kula tangu zamani, vipimo na upasuaji vilimlazimu kukaa na njaa mara kadhaa, mwili uliojeruhiwa huvunja misuli ili upate malighafi ya kuponya kidonda, na baada ya hapo mwenyewe huogopa kula kwa sababu kila mlo unamkimbiza chooni.

Hata hivyo, mahali palipokatwa panabadilisha mambo. Aliyeondolewa upande wa kulia wa utumbo mpana hukatwa pia kipande cha mwisho cha utumbo mwembamba, na huweza kupata choo chepesi kwa wiki kadhaa. Kipande hicho kikiwa kirefu, vitamini B12 inaweza kupungua mwilini baada ya muda na hupaswa kupimwa. Aliyekatwa puru na kuungwa chini karibu na njia ya haja kubwa hupata choo kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, kikiwa na haraka isiyosubiri, na hali hiyo hutulia polepole katika mwaka wa kwanza na wakati mwingine hata wa pili. Aliyetolewa utumbo mwembamba kwenye ngozi ya tumbo, yaani mwenye stoma ya utumbo mwembamba (tundu la tumboni ambalo choo hutokea na kuingia katika mfuko uliobandikwa), anapoteza maji na chumvi kwa kiasi ambacho mwenye stoma ya utumbo mpana hakipotezi.

Kabla ya kutoka wodini, mgonjwa au ndugu aliye naye aulize mambo manne na kuyaandika katika daftari litakalotumika mwaka mzima: ni sehemu gani iliyokatwa, kama kuna stoma na ni ya muda au ya kudumu, kama tibakemikali, yaani dawa za kuua seli za saratani, inatarajiwa na itaanza lini, na ni namba gani ya simu ya kupiga kukitokea tatizo usiku. Fomu ya kuruhusiwa mara nyingi huandikwa kwa maneno ya kitabibu na mwandiko wa haraka, na si utovu wa adabu kumwomba daktari aisome kwa sauti.

Hatua ya 2: Kupata kilo ya kuanzia

Uzito wa siku ya kuruhusiwa hauaminiki. Mgonjwa aliyetundikiwa dripu kwa siku kadhaa huweza kubeba kilo mbili au tatu za maji, ambayo huonekana kama uvimbe wa miguu na mgongo wa chini, na maji hayo yakishatoka kwa njia ya mkojo katika wiki ya kwanza, familia hudhani amekonda ghafla. Uzito uandikwe siku hiyo, lakini kilo ya kulinganishia ichukuliwe kati ya wiki ya kwanza na ya pili nyumbani, uvimbe ukiwa umekwisha.

Mizani iwe ileile kila mara, iwekwe juu ya sakafu ngumu na si juu ya zulia au mkeka, na mgonjwa apande asubuhi baada ya kujisaidia, kabla ya kifungua kinywa, akiwa na nguo nyepesi na mfuko wa stoma ukiwa mtupu. Mara moja kwa wiki inatosha. Kupima kila siku kuna maana kwa mwenye stoma ya utumbo mwembamba peke yake, na hata kwake ni kwa ajili ya maji: kilo moja iliyopotea tangu jana ni karibu lita moja ya maji, kwa kuwa hakuna mwili unaochoma kilo nzima ya nyama au mafuta kwa siku moja. Pasipo mizani nyumbani, ya zahanati au duka la dawa la jirani itafaa, ilimradi asihamehame kutoka mizani moja kwenda nyingine.

Hesabu ya kufanya ni ya asilimia. Tuchukue mtu aliyekuwa na kilo 72 kabla ya kuugua, na sasa ana kilo 66. Amepoteza kilo 6. 6 gawanya kwa 72, zidisha kwa 100, ni asilimia 8 na ushei. Wataalamu wa lishe huhesabu upungufu unaozidi asilimia 5 ndani ya miezi sita kuwa dalili ya utapiamlo inayohitaji kushughulikiwa, na mgonjwa wa namna hii anastahili kupelekwa kwa mtaalamu wa lishe wa hospitali hata kama bado anaonekana na mwili. Hapa ndipo wanene wanapoachwa nyuma. Mtu wa kilo 98 aliyeshuka hadi 88 haonekani mgonjwa machoni pa mtu, ilhali amepoteza zaidi ya asilimia 10, na sehemu kubwa ya alichopoteza huweza kuwa misuli ya mapaja na mabega iliyokuwa imefichwa na mafuta.

Kwa sababu hiyo mizani ipewe msaidizi. Kidonda kikishatulia, mgonjwa akae kwenye kiti imara chenye kimo cha kawaida, akunje mikono kifuani, kisha asimame na kukaa mara tano mfululizo huku mtu akihesabu sekunde. Zikizidi 15, miguu yake ni dhaifu kuliko inavyotakiwa. Kipimo hiki kirudiwe kila mwezi na kuandikwa katika daftari kando ya kilo. Mara nyingi ndicho kinachotangulia kuonyesha nafuu.

Hatua ya 3: Wiki mbili za kwanza, kula kidogo na mara nyingi

Zamani mgonjwa wa utumbo alizuiwa kula kwa siku nyingi mpaka atoe hewa. Utaratibu huo umebadilika tangu miaka ya 1990, hasa kutokana na kazi ya daktari Henrik Kehlet wa Denmark, aliyeonyesha kuwa mgonjwa anayekula na kutembea mapema hupona haraka na kuondoka hospitalini mapema. Leo katika hospitali nyingi mgonjwa huanza kunywa na kula laini ndani ya siku ya kwanza, daktari akiruhusu. Nyumbani kanuni inaendelea: milo mitatu mikubwa igawanywe kuwa sita midogo, kwa saa maalumu, bila kungoja njaa, kwa sababu njaa katika wiki hizi haiji.

Kwa takriban wiki nne hadi sita chakula kiwe laini na chenye nyuzinyuzi chache: wali mweupe, mkate mweupe, viazi vilivyopondwa, ndizi zilizopikwa, samaki asiye na miiba, mayai, kuku aliyeiva vizuri, mtindi, papai bivu, boga. Mtori, ambao wenyeji wa Kilimanjaro humpikia mama aliyejifungua, unamfaa sana mgonjwa huyu kwa kuwa ndizi na nyama huiva pamoja na kupondwa, mradi nyama iwe imelainika na isiwe mifupa mitupu iliyochemshwa. Jambo hili la supu linahitaji kusemwa waziwazi: supu ya mifupa inaburudisha na inampa mgonjwa maji na chumvi, lakini protini iko kwenye nyama iliyobaki sufuriani, na mgonjwa anayenyweshwa mchuzi huku nyama wakila wageni hajengwi na chochote.

Katika wiki hizi mbili pia ndipo hatari kubwa ilipo. Maungio ya utumbo yanaweza kuvuja, na mara nyingi hutokea ndani ya siku kumi za kwanza. Maumivu ya tumbo yanayozidi badala ya kupungua, tumbo kujaa na kuwa gumu, homa ya nyuzi 38 au zaidi, kutapika kusikokoma, moyo kwenda mbio, au usaha kwenye mshono ni mambo ya kurudi hospitalini saa hiyohiyo, si ya kungoja kliniki. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafla, huenda damu imeganda kwenye mishipa, na hapo pia hakuna kungoja. Baadhi ya wagonjwa hupewa sindano za kuzuia damu kuganda za kutumia nyumbani mpaka zitimie wiki nne. Zisikatishwe kwa sababu mgonjwa anajisikia vizuri.

Hatua ya 4: Kuijenga protini ya siku

Mgonjwa anayepona anahitaji kati ya gramu 1.2 na 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, pamoja na kalori 25 hadi 30 kwa kila kilo. Mtu wa kilo 60, basi, anahitaji gramu 72 hadi 90 za protini na kalori 1,500 hadi 1,800. Mtu mnene sana hahesabiwi kwa uzito wake wote, na mwenye ugonjwa wa figo ana kiwango chake, kwa hiyo hao wawili waelekezwe na mtaalamu wa lishe.

Gramu hizo zinapatikana bila kununua makopo ya unga wa bei kubwa. Yai moja lina takriban gramu 6, glasi ya maziwa au mtindi gramu 8, gramu 100 za samaki aliyepikwa zaidi ya 20, na kikombe cha maharage yaliyoiva gramu 15. Dagaa wakavu, ambao watu huwadharau kwa kuwa ni rahisi, wana protini inayozidi nusu ya uzito wao. Wakioshwa vizuri kuondoa mchanga, wakakaushwa tena na kusagwa, kijiko kimoja cha chakula kinaweza kukorogwa katika mboga, mchuzi au viazi vya kuponda bila kumwongezea mgonjwa ujazo wa chakula.

Kwa mtu wetu wa kilo 60, siku inaweza kwenda hivi. Saa moja asubuhi anakunywa uji uliopikwa kwa glasi ya maziwa na kula mayai mawili, hapo ana gramu 20. Saa nne anakunywa glasi ya mtindi, 28. Mchana anakula wali kidogo na kipande cha samaki cha gramu 100, na kwa kuwa wali wenyewe una protini kidogo, anafika karibu 55. Saa kumi jioni anakula mkate uliopakwa siagi laini ya karanga vijiko viwili, anavuka 60. Usiku kipande cha kuku chenye ukubwa wa nusu kiganja pamoja na viazi kinamfikisha kwenye 75 na zaidi. Si chakula kingi, ila kila mara alipofungua kinywa kilikuwa na kitu cha kujenga mwili.

Uji wa kawaida ni maji mengi na unga kidogo, na ndiyo sababu mtu huweza kunywa vikombe vitatu kwa siku akaendelea kukonda. Dawa yake ni kimea. Ulezi hulowekwa usiku mmoja, huachwa uote chini ya kitambaa chenye unyevu kwa siku mbili au tatu, hukaushwa juani na kusagwa. Uji upikwe mzito kwa kiasi cha unga kinachokaribia mara mbili ya kawaida, uepuliwe na kuachwa upoe kidogo, kisha kijiko kimoja cha unga wa kimea kikorogwe ndani. Katika dakika chache uji uliokuwa ukishika mwiko hulegea na kumiminika, kwa kuwa kimea huvunja wanga; hapo urudishwe motoni uchemke tena ndipo maziwa yaongezwe. Kikombe ni kilekile, lakini nguvu iliyomo imekaribia kuongezeka maradufu.

Mambo mawili yanayosikika sana yanawanyima wagonjwa chakula. La kwanza ni kwamba sukari hulisha saratani, na hivyo mgonjwa aache wali, ndizi, viazi na hata matunda. Seli zote za mwili hutumia sukari, na kumnyima mgonjwa wanga hakuiui saratani bali humlazimu kuivunja misuli yake mwenyewe. Asiye na kisukari ale wanga wake, na mwenye kisukari afuate mpango wa kliniki yake. La pili ni nyama. Ni kweli kwamba mwaka 2015 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliziweka soseji, bekoni na nyama nyingine za kusindikwa katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani, na nyama nyekundu katika kundi la vile vinavyoelekea kusababisha. Hizo za kusindikwa ziachwe. Ila nyama ya ng'ombe au mbuzi iliyopikwa, isiyozidi gramu 500 kwa wiki, haimdhuru anayejenga damu na misuli, na anayeitaka aachiwe.

Hatua ya 5: Choo, stoma na maji

Mwenye choo chepesi bila stoma asipunguze kula ili apunguze kwenda chooni, kwani utumbo huendelea kutoa majimaji hata ukiwa mtupu. Afadhali abadilishe aina: wali mweupe, ndizi mbivu, viazi na mkate mweupe hushikisha choo, wakati kahawa, pilipili, vyakula vya mafuta mengi na juisi tamu hukiharakisha. Vyakula vilivyozuiwa mwanzoni virudishwe kimoja kimoja baada ya zile wiki sita, siku mbili au tatu kwa kila kimoja, na daftari liandike kilichotokea. Aliyeungwa chini kabisa huchubuka kwa kupangusa. Maji ya vuguvugu na kitambaa laini ni bora kuliko karatasi. Na kwa familia zenye choo cha kuchuchumaa, kiti cha mbao chenye tundu katikati kitamsaidia mgonjwa ambaye mapaja yake hayajarudi katika nguvu zake.

Mwenye stoma ya utumbo mwembamba ana somo lake. Mara baada ya stoma kutulia, kinachotoka kwa siku huwa kati ya nusu lita na lita moja. Ili kujua, kila mfuko unapomwagwa umwagwe kwanza katika chombo kilichotengwa kwa kazi hiyo. Chupa tupu ya maji ya lita moja na nusu iliyokatwa shingo inatosha, na faida yake ni kwamba ikijaa ndani ya saa 24, mgonjwa amefika kwenye kiwango cha kupiga simu hospitalini. Ikizidi hapo na kuelekea lita mbili, au akipata kizunguzungu anaposimama, mkojo ukawa mdogo na mweusi, misuli ikakakamaa, aende siku hiyohiyo.

Kosa linalofanyika kwa nia njema ni kumnywesha maji matupu kwa wingi kila anapoona kiu. Maji matupu hayana chumvi, na katika utumbo wa namna hii huvuta chumvi ya mwili kutoka nayo nje, kwa hiyo anavyokunywa zaidi ndivyo anavyokauka. Kinachohitajika ni ORS, yaani maji ya chumvi na sukari ya paketi, iliyochanganywa kama paketi inavyoelekeza, ikinywewa kidogo kidogo kutwa nzima, na chumvi ya kawaida katika chakula isipunguzwe bila agizo la daktari. Madafu ni matamu na yana potasiamu nyingi, lakini sodiamu yake ni ndogo, kwa hiyo hayashiki nafasi ya ORS. Dawa za kupunguza kasi ya utumbo, zikiandikwa na daktari, humezwa kama nusu saa kabla ya kula. Kuhusu mwezi wa Ramadhani, mwenye stoma hii asifunge bila kuongea na daktari wake. Dini imempa mgonjwa ruhusa, na figo zilizokauka hazingoji magharibi.

Stoma pia huweza kuziba. Mahindi ya kuchoma, bisi, karanga nzima, machicha ya nazi, miwa, uyoga na nyuzi za embe ndivyo vinavyoongoza. Tui la nazi halina shida. Stoma ya utumbo mwembamba ikikaa saa nne hadi sita bila kutoa kitu huku tumbo likisokota, huenda imeziba, na mgonjwa akitapika juu ya hapo apelekwe hospitali.

Uzito nao huigusa stoma. Yenyewe hupungua ukubwa katika wiki sita hadi nane za kwanza, na tumbo likipungua au likiongezeka, mikunjo ya ngozi hubadilika na bamba linaloshikiza mfuko kwenye ngozi huanza kuvuja. Kabla ya kulaumu aina ya mfuko, stoma ipimwe upya na tundu la bamba likatwe liizidi kwa milimita mbili au tatu tu.

Hatua ya 6: Kutembea mapema, kubeba baadaye

Chakula pekee hakirudishi misuli. Katika jaribio moja la Marekani lililochapishwa mwaka 2007, wazee wenye afya waliolazwa kitandani kwa siku 10 walipoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguu, na hao hawakuwa wamepasuliwa wala hawakuwa na saratani. Kwa hiyo desturi ya kumlaza mgonjwa ili "apumzike" inamdhoofisha. Aamke kwa kugeuka ubavu kwanza na kujisukuma kwa mkono, akumbatie mto tumboni anapokohoa, na atembee uani dakika tano mara kadhaa kwa siku tangu siku anayofika nyumbani. Kila wiki aongeze dakika chache, na wiki ya sita ikifika aweze kwenda nusu saa bila kukaa.

Mizigo ni habari nyingine. Kwa wiki sita hadi nane ukuta wa tumbo haujashikana, na kunyanyua kitu kizito kunaweza kuleta ngiri kwenye mshono au kando ya stoma. Kikomo kizuri ni dumu la lita 5. Ndoo ya lita 20, mtoto mgongoni, jembe, na mchi wa kutwangia vyote viwekwe kando, na bodaboda kwenye barabara ya mashimo iepukwe. Ni vyema familia igawane kazi hizi kabla mgonjwa hajarudi, hasa akiwa mama wa nyumba, kwa sababu akikuta maji hayajachotwa atachota. Ambaye njia yake ya haja kubwa imeshonwa na kufungwa katika upasuaji asikae muda mrefu mahali pagumu. Akalie mto laini, na si mpira wenye tundu, ambao hutanua kidonda.

Baada ya wiki nane, daktari akikubali, aongeze kusimama na kukaa kitini mara kumi, na kujisukuma ukutani, siku mbili au tatu kwa wiki. Mazoezi ya kujikunja tumbo yasubiri. Mwaka 2025 yalitolewa matokeo ya jaribio lililoanza 2009, hasa katika nchi za Kanada na Australia, kwa watu 889 waliomaliza upasuaji na tibakemikali ya saratani ya utumbo mpana. Nusu yao walisimamiwa kufanya mazoezi kwa miaka mitatu, wengi wakitembea tu kwa mwendo wa haraka, takriban dakika 45 mara tatu au nne kwa wiki. Baada ya miaka minane asilimia 90 ya hao walikuwa hai, dhidi ya 83 ya waliopewa ushauri wa maandishi, na uzito wa makundi hayo mawili haukutofautiana kwa kiasi cha maana.

Hatua ya 7: Wakati wa tibakemikali

Wanaohitaji tibakemikali huanza kwa kawaida kati ya wiki ya nne na ya nane, nayo huchukua miezi mitatu au sita. Kipimo cha dawa hukokotolewa kwa urefu na uzito, hivyo kilo za kweli zitolewe kila mzunguko na mabadiliko makubwa yatajwe. Anayemeza vidonge vya capecitabine avimeze ndani ya nusu saa baada ya kula, na anayechomwa oxaliplatin aepuke vinywaji na vyakula vya baridi siku zinazofuata sindano, maana koo na vidole huchoma. Akiharisha na kwenda chooni mara nne za ziada juu ya kawaida yake kwa siku, au joto likifika 38, asimeze kidonge kinachofuata kabla ya kuongea na kliniki. Mitishamba yoyote itajwe kwa daktari kwa jina lake. Huu si wakati wa mnene kujipunguza. Lengo ni kilo zisishuke.

Hatua ya 8: Kupunguza mafuta, kwa anayehitaji

Matibabu yakiisha, kidonda kikiwa kimepona na uzito umetulia kwa miezi miwili au mitatu, ndipo mwenye mafuta mengi tumboni aanze kuyapunguza, kwani huchangia kisukari, shinikizo la damu na ngiri ya stoma. Kiuno kipimwe kwa futi ya fundi cherehani. Hatari huanza kuongezeka kinapozidi sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke. Apunguze nusu kilo kwa wiki na si zaidi, kwa kuacha soda na chai yenye sukari nyingi, kupunguza mafuta ya kukaangia na sehemu ya ugali, huku samaki, maharage na mayai vikibaki palepale na matembezi yakiendelea.

Kliniki za ufuatiliaji huendelea kwa miaka mitano: kipimo cha damu cha CEA (protini inayoweza kupanda saratani ikirudi) kila miezi mitatu hadi sita mwanzoni, picha za CT kwa ratiba ya hospitali, na uchunguzi wa utumbo kwa kamera karibu na mwaka wa kwanza. Daftari la kilo lipelekwe kila mara. Mgonjwa aliyekuwa ametulia akianza kupungua tena bila kubadili chakula wala mazoezi, wiki tatu au nne mfululizo, aende akaonwe bila kungoja tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.